Mhakiki wa Pili na Chakula cha Ahero

Nyinyi vijana mliobaki pale ofisini hamjaniacha nipumue tangu nistaafu. "Sista Pamela, tuandikie kitu." Haya, naandika. Nimekaa hapa nyumbani Kisumu, madirisha yote wazi kwa sababu ya joto, na kila nikikumbuka makala yetu ya Ahero mikono inataka kupiga makofi badala ya kuandika. Mtu akiwaambia kwamba kupeleka makala kwenye jarida la magonjwa ya akili ni kazi ya watu baridi wenye miwani, mcheke mbele yake. Mimi nimekuwa muuguzi wa wodi ya akili, nimemzalisha mama mmoja kwenye veranda ya wodi hiyo hiyo mvua ikinyesha, na bado moyo wangu haujawahi kudunda kama siku tuliyobonyeza kile kitufe cha kutuma.

Kwa wale wageni ambao hawanijui: baada ya miaka mingi wodini nilihamishiwa kitengo cha utafiti cha hospitali yetu, nikawa mratibu. Madaktari waliandika, vijana walienda nyanjani kuhoji watu, na mimi nilihakikisha makala inafika jaridani ikiwa kamili. Nilikuwa mkali. Najua mlikuwa mnaniita Sajini nyuma ya mlango, na mlango wenyewe haufungiki vizuri.

Someni maelekezo ya jarida kabla hamjaandika hata kichwa cha makala. Mkimaliza kuandika, yasomeni tena. Jarida moja linataka ikisiri yenye vichwa vidogo, lingine halitaki. Moja linataka majina ya waandishi yakae kwenye faili ya peke yake ili wahakiki, wale wataalamu wanaoipima makala, wasijue ni nani ameandika. Nimeona makala ikirudishwa kabla haijasomwa na mtu yeyote, kwa sababu daktari mmoja alimshukuru mke wake, kwa jina lake lote na mtaa wanaoishi, ndani ya faili isiyotakiwa kuwa na jina hata moja. Mke alifurahi sana. Mhariri hakufurahi.

Na faili mnayotuma, ifungueni kwanza kwenye kompyuta nyingine. Nasema hivi kwa sababu ya Daktari Njoroge. Mnamjua leo akiwa mkubwa, lakini wakati huo alikuwa ndiye daktari wetu mpya wa akili, mwembamba, ana haraka. Wazazi wake walitoka Mlima Kenya kuja kuuza misumari na mabati hapa mjini, yeye akazaliwa hapa hapa, na Dholuo anaongea vizuri kuliko watoto wangu waliosomea Nairobi. Basi kulikuwa na makala moja ambayo tulikuwa tunaandikiana maoni pembeni mwa ukurasa. Mahali fulani Njoroge aliandika, "Sista, huyu mhariri anasumbua kama inzi." Tukatuma na yale maoni yote yakiwa ndani. Mhariri alijibu kwa adabu kabisa kwamba makala imepokelewa, na kwamba inzi anashukuru. Njoroge alikaa ofisini mwake na mlango umefungwa mpaka saa ya chai, na mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Sasa niwapeleke Ahero, maana hiyo ndiyo habari mliyoniomba.

Mafuriko ya uwanda wa Kano mnayajua. Maji huja, huingia nyumbani, hubeba mpunga na kuku na godoro, kisha magazeti hupiga picha za watu wakivuka na mizigo kichwani. Magazeti yakiondoka, watu hubaki. Sisi tulitaka kujua wanabaki na nini moyoni. Wangapi hawalali, wangapi wamechoka na maisha, wangapi wanalia bila kujua wanalilia nini. Na hatukutaka kujua kwa ajili ya kujua tu. Tulikuwa tunaomba chumba kimoja kwenye kituo cha afya kilicho karibu na Ahero, tuwe na kliniki ya akili mara moja kwa wiki, ili watu wasilazimike kuja mpaka Kisumu. Wakubwa wenye uamuzi walitutazama wakatuambia waziwazi kwamba leteni makala iliyokubaliwa na wataalamu wa nje, hapo tutazungumza. Kwa hiyo makala hiyo ilikuwa ni chumba hicho. Ikikataliwa, hakuna kliniki.

Katika watu tuliowahoji kulikuwa na mama mmoja nitakayemwita Mama Akinyi. Si jina lake, na msijaribu kulitafuta. Habari hii nimemsomea yote, akanikubalia, akaniambia hata nimfanye mrembo zaidi. Nyumba yake ilikuwa imechukuliwa na maji na shamba lake la mpunga likageuka bwawa. Mumewe alikuwa akikata miwa huko Muhoroni, anakuja nyumbani akipata nafasi. Aliyemhoji ni Beryl, binti mchangamfu wa kitengo chetu, mwenye sauti inayomfanya mtu aseme mambo. Beryl aliandika kwamba mama huyu halali, hana nguvu, hacheki, lakini anakula vizuri.

Tuliandika, tukapanga majedwali, tukatuma, tukangoja. Kungoja ni sehemu ya kazi, na hakuna anayewafundisha. Usifungue ukurasa wa jarida kila asubuhi kuona kama kuna kilichobadilika. Mimi nilikuwa nafungua.

Majibu yalikuja. Makala haijakubaliwa wala kukataliwa. Tumepewa nafasi ya kuirekebisha. Mhakiki wa kwanza alikuwa mtu mtamu, alitaka tupunguze maneno. Mhakiki wa pili alikuwa na swali moja tu lililotuumiza. Aliuliza hivi: mnasema watu hawa hawalali, wanalia, hawana nguvu, wamepoteza hamu ya kila kitu, lakini karibu wote wana hamu nzuri ya chakula. Inawezekanaje? Nieleweshwe, la sivyo siwezi kuyaamini majibu yenu mengine.

Njoroge aliwaka. "Huyu mtu hajawahi kufika Kano! Anajua nini?"

"Wewe umefika," nikamwambia. "Basi mweleweshe."

Akakaa akaandika jibu refu lenye marejeleo mengi, kwamba dalili hutofautiana kati ya jamii na jamii, kwamba fulani kasema hivi na fulani kasema vile. Lilikuwa jibu zuri. Lilisomeka vizuri. Lakini mimi nilikuwa nimefundishwa kazi hii na Madam Orwa, mama aliyekuwa mratibu kabla yangu, na yeye alinifunza jambo moja kuhusu wahakiki. Alikuwa akisema, "Pamela, kila jibu lianze na asante. Hasira peleka nyumbani ukapikie nayo. Halafu uliza kama huyo mtu hajasema kweli." Nikamuuliza Njoroge kama mhakiki wa pili hajasema kweli.

Beryl ndiye aliyejibu. Alikuwa amesimama pale mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Sista, wacha niseme tu. Hiyo swali ya chakula, tulikuwa tunauliza tukikula."

"Mkikula wapi?"

"Kwa hao watu! Kila boma tulienda, walitupikia. Ukikataa, mama anakasirika. Sasa nimeshika samaki hivi, ndio karatasi yangu inaniambia niulize, 'Mama, unasikia hamu ya kula?' Atasema nini? Na yeye yuko hapo anakula na mimi."

Njoroge akaweka kalamu chini polepole, kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyepigwa na kitu kichwani. "Omera, ndugu yangu," akasema, "hata mama yangu mzazi hawezi kukubali mbele ya mgeni kwamba chakula hakimpandi."

Mnaona? Sisi sote watatu tumelelewa na desturi hiyo. Mgeni haondoki boma na njaa, na mwenye boma hula naye, hata vijiko viwili, ili mgeni asile kwa aibu. Hatukuiona kwa sababu tulikuwa tumekaa ndani yake na mikono imejaa mchuzi. Mtu wa mbali, asiyejua Ahero iko upande gani wa dunia, ndiye aliyeishuku kutoka kwenye jedwali tu! Nilisisimka mwili mzima. Nataka muelewe jambo hili vizuri, kwamba mhakiki msumbufu ndiye mtu pekee aliyesoma kazi yenu kwa makini ambaye hamkumlipa wala hamkuzaliwa naye.

Kibali chetu cha kamati ya maadili kiliruhusu kuwarudia washiriki mara ya pili. Bila hicho tungekuwa tumekwama, kwa hiyo mkiomba kibali ombeni na cha kurudi. Tukaenda Ahero, mimi, Njoroge na Beryl, tukaanza na Mama Akinyi.

Alitupokea kama watu wa kwao. Kabla hatujakaa vizuri, moto ulikuwa umeshawashwa. Ukaja ugali, ikaja omena, wale dagaa wa ziwani, ya kukaanga na nyanya, zikaja mboga za kienyeji zilizotiwa maziwa. Akakaa nasi akala, akamtania Njoroge kwamba vidole vyake ni vya mtu wa hesabu, vinaogopa ugali wa moto. Nilimtazama. Alikuwa anakula kweli. Nikaanza kuogopa kwamba labda majibu yetu ya kwanza yalikuwa sahihi na jibu refu la Njoroge ndilo lililokuwa linahitajika.

Tulipoaga akatusindikiza, kama inavyotakiwa. Njoroge na Beryl wakatangulia. Mimi nilikuwa nyuma na Mama Akinyi kwenye ile njia nyembamba ya kando ya mfereji, mpunga kijani huku na huku. Mtu akikusindikiza hivyo hakutazami usoni, mnatazama mbele nyote. Nikamuuliza polepole, "Mama, na sisi tukishaenda, chakula kinapanda?"

Alitembea kidogo kwanza.

"Sista, mimi nakula wageni wakikuja tu. Nyinyi mkienda hivi, naosha sufuria, nakaa. Chakula iko kama mchanga kwa mdomo. Watoto nawapikia, mimi naangalia."

"Tangu lini?"

"Tangu maji. Nilikuwa nimenona, wewe! Hii nguo ilikuwa inanibana."

"Mbona hukumwambia Beryl?"

Akanishangaa. "Nimwambie mbele ya chakula? Si atasema nimempatia kitu mbaya?"

Wanangu, nilitaka kulia na nilitaka kuruka, yote kwa pamoja. Kulia ni kwa ajili yake. Kuruka ni kwa sababu hatimaye tulikuwa tumeusikia ukweli, na tulijua umekaa wapi, uko njiani na si mezani. Nikamwita Njoroge arudi. Alikaa naye pale ukingoni mwa mfereji akamuuliza yale maswali ya hatari ambayo ni lazima tuyaulize, na tukashukuru kwamba hakuwa na wazo la kujidhuru. Akamwandikia rufaa aje kwetu Kisumu. Mama Akinyi akaikunja karatasi vizuri, akairudisha mkononi mwa Njoroge.

"Daktari, Kisumu ni mbali, na hawa watoto nitaachia nani? Nyinyi mkikuja hapa Ahero, nitakuja. Na miguu yangu."

Kile chumba tulichokuwa tunakiomba kwenye makaratasi sasa kilikuwa na mtu wake, anayekingoja na sufuria safi.

Tulizunguka boma zote tulizowahi kwenda. Tulikula kila mahali. Beryl alilazimika kulegeza vifungo vya sketi. Lakini swali la chakula hatukuliuliza tena nyumbani, tuliliuliza tukisindikizwa, na boma baada ya boma majibu yakageuka. Tulikuwa tumegawana boma, na Njoroge alikuwa akinipigia simu kutoka njiani, anapiga kelele, "Sista, na huyu pia! Na huyu pia!" Ungedhani ni mpira wa miguu.

Kisha tukarudi ofisini na furaha ikaisha, kwa sababu ilibidi tuandike.

"Tukikubali kwamba mahojiano ya kwanza yalikuwa na kasoro, watatutupa," Njoroge akasema. "Sista, fikiria. Wanaweza kusema kazi yote ni mbovu. Chumba kimeenda."

"Na tusipokubali?"

"Tunaweza kuweka majibu mapya kimya kimya."

Alikuwa anamfikiria Mama Akinyi, sikumlaumu, mimi mwenyewe usingizi ulikuwa umenipungua kwa kumfikiria. Lakini nilimwambia kwamba mhakiki huyu aligundua mchuzi kwenye vidole vyetu akiwa ng'ambo ya bahari, na kama tungejaribu kumficha kitu angekinusa pia. Njoroge akavuta pumzi ndefu. Akafuta lile jibu refu lenye marejeleo, lote. Akaandika jingine, na hilo ndilo ninalotaka mlikumbuke kuliko maelekezo yangu yote. Aliandika: Tunamshukuru mhakiki. Yuko sahihi. Tuliuliza kuhusu hamu ya kula mbele ya chakula, kwa watu ambao kwao kukiri kutokula mbele ya mgeni ni kumfukuza. Tumerudi, tumeuliza upya wakati mwenyeji anamsindikiza mgeni, na majibu yote mawili tunayaonyesha kwenye jedwali. Hapo akaweka nukta. Hakuongeza pambo wala kujitetea. Mimi nilisoma nikasema, "Wuod Nyeri, mwana wa Nyeri, leo umeandika."

Siku ya kutuma, stima ikapotea. Mnaijua Kisumu. Ilikuwa mchana kweupe, jua linachoma, na ile siku ya mwisho tuliyopewa na jarida ndiyo hiyo. Tuliwasha intaneti ya simu ya Beryl, tukaiweka dirishani panapopatikana mtandao, na kompyuta ya Njoroge ilikuwa inaonyesha betri nyekundu. Ukurasa wa jarida ukakataa mchoro wetu, ati hauna ubora wa kutosha. Beryl akautengeneza upya akiwa amesimama. Ukauliza kama mwandishi wa kwanza ana mgongano wa maslahi, Njoroge akasema kwa sauti, "Ndiyo, nataka kliniki!" Nikamwambia abonyeze "hapana" aache mchezo. Ule mstari wa kupakia ulitambaa, ukasimama, ukatambaa. Tuliinama sote watatu juu ya ile kompyuta, hakuna anayepumua. Ukaandika kwamba imepokelewa, na kioo kikazima hapo hapo, betri imekwisha. Tulipiga kelele mpaka watu wa maabara wakaja kuuliza nani ameumia.

Jibu lilinikuta sokoni Kibuye, nachagua nyanya. Simu ikalia, ni Njoroge, anasema neno moja tu, "Wamekubali." Nilipiga kigelegele. Mama wa nyanya akashika kifua.

"Mama, nani amekubali? Wakwe?"

"Jarida!"

"Haya, Nyasaye ni mwema," akasema, ingawa sidhani alielewa, akaniongeza nyanya mbili. Mhakiki wa pili alikuwa ameandika mistari michache kwamba ile habari ya kusindikiza ndiyo sehemu bora ya makala nzima, na kwamba watafiti wengine wajifunze. Nilisoma mistari ile kwenye simu pale katikati ya soko huku watu wananigonga kwa vikapu, nikaisoma tena.

Wakubwa wa kile chumba, niseme ukweli, hawakusoma makala. Waliangalia jina la jarida, wakaangalia ukurasa wa kwanza, wakatoa ufunguo. Msivunjike moyo na hilo, ufunguo unafungua mlango vilevile. Kliniki ya Ahero ikaanza, na siku ya kwanza kabisa, kabla Njoroge hajamaliza kufuta vumbi mezani, Mama Akinyi alikuwa ameshakaa benchi la nje. Alikuwa amekuja na miguu yake, kama alivyosema.

Dawa za moyo mzito huchukua muda, na mazungumzo huchukua muda zaidi. Kuna wiki alizokuja hana tofauti, na kuna wiki hakuja, Beryl akaenda kumchukua. Sikuwa na uhakika. Mtu anayeuguza akili hapewi uhakika.

Halafu karibu na kustaafu kwangu, tulimaliza kliniki adhuhuri moja tukasema tupite kwake nimuage. Tulifika saa ya chakula kabisa, na tumbo langu lilikuwa limejiandaa. Hakukuwa na moto. Hakukuwa na harufu ya kitu. Sufuria ilikuwa imeinamishwa juani, imeoshwa, na Mama Akinyi amekaa kivulini ananyonya mwiba wa samaki.

Alituona akainuka, na nikaona gauni lile limeanza kumbana mbavuni.

"Aki Sista, mmechelewa," akasema, hana hata aibu. "Nilisikia njaa, nikakula. Imeisha. Niwawekee chai?"

Beryl akaziba mdomo. Njoroge aligeuka akajifanya anaangalia mpunga. Mimi nilimkumbatia yule mama nikamwambia asituwekee kitu chochote, hata maji, tumeshashiba. Siku hiyo tulirudi Kisumu na njaa, na Njoroge aliimba njia nzima.